Mgeni wa Fundi Lifti

Fundi lifti alipostaafu alihama mjini, akaenda kuishi mahali ambapo kitu kirefu kuliko vyote ni mpapai. Watu wa kule hawakuwahi kuona lifti. Alipowaeleza kuwa ni chumba kinachopanda na kushuka na watu ndani, walimpa pole.

Basi la kutoka mjini linaishia dukani, na kutoka hapo ni miguu yako tu. Mwisho wa njia alijenga nyumba ya vyumba viwili, akachimba kisima, akalima mahindi na maharage, akafuga kuku na mbuzi wawili wenye tabia mbaya. Nani kajenga? "Mwenyewe." Nani kachimba? "Mwenyewe." Na sabuni hii isiyotoa povu umeitoa wapi? "Nimepika mwenyewe." Majirani, ambao wako mbali lakini midomo yao inafika, wakampa jina la Mwenyewe. Alijifanya halisikii, kumbe analipenda kufa.

Na raha alikuwa nayo, tusimsingizie. Mjini alikuwa amepandisha na kushusha watu miaka nenda rudi, wala salamu hakupewa. Huku alikula alicholima na kuamka alipotaka, na alipotaka ni alfajiri, kwa sababu mbuzi ndivyo walivyotaka.

Kilichomkaa rohoni ni kimoja tu: mkewe. Huyu mama ni fundi cherehani, na siku ya kuhama alisema wazi, "Tangulia wewe. Ukipachoka utarudi." Mwaka ukaisha, wa pili ukaisha, mtu hakupachoka. Wakawa wanaongea kwa simu, yeye kasimama juu ya kichuguu maana hapo ndipo mtandao unaponasa. Mwishowe mke akasema, "Haya, nakuja wiki moja nione. Nikipapenda nabaki. Nisipopapenda, usinisumbue tena na habari za maboga yako."

Basi la kurudi mjini ni Ijumaa, mara moja kwa wiki. Fundi alielewa kuwa hapo ndipo ndoa yake itakapoamuliwa.

Akajiandaa, na ndipo alipoharibu. Kule mjini lifti huendeshwa kwa kamba inayopita juu kwenye gurudumu, upande wa pili pana uzito wa kusawazisha. Basi nyumba nzima akaijaza kamba na mawe. Vuta hii, mlango unafunguka. Vuta ile, ndoo ya maji inapanda bafuni. Ya kando ya kitanda inafungua banda la kuku, hata viatu huna haja ya kuvaa. Alitaka mkewe asinyanyue hata kijiko.

Mke akashuka Jumatatu na begi dogo. Fundi akalipokea, likawa jepesi. Lilikuwa begi la mtu anayerudi.

"Karibu, mama watoto! Karibu ndani. Karibu kiti."

Kiti kilikuwa kimoja. Yeye akakalia ndoo.

Jumanne mke akataka kupika. "Kaa, nimeshapika." Akataka kuosha vyombo. "Acha, naosha mwenyewe." Akashika jembe, fundi akamnyang'anya taratibu na kumwambia karibu upumzike. Mama wa watu akapumzika Jumanne, akapumzika Jumatano, mpaka kiuno kikaanza kumuuma kwa kupumzika.

Alhamisi jioni fundi akamkuta anakunja nguo.

"Hujapapenda?"

"Pazuri sana. Hewa safi, maboga matamu, hata wewe umenawiri."

"Sasa?"

"Baba watoto, tangu nifike umeniambia karibu mara ngapi?"

Fundi akadhani anashukuriwa. "Ah, mara nyingi tu."

"Mtu anakaribishwa kwake? Kule mjini ulishanisikia nakwambia karibu kiti?"

Fundi akafikiri kweli kweli. "Kule ulikuwa unaniambia toa miguu hapo nifagie."

"Haya. Kule ulikuwa kwako."

Akaendelea kukunja. Usiku ule fundi hakulala vizuri. Aliogopa, na hakuwa na kamba ya kuvuta kwa jambo kama lile.

Ijumaa asubuhi mke kavaa viatu vya safari, kakaa na begi lake, anangoja kusindikizwa dukani. Akasikia msumeno nyuma ya nyumba.

Fundi alikuwa ameteremsha ubao mrefu atengeneze benchi la watu wawili. Ubao wa namna ile kwa mtu mmoja haukatiki vizuri, unacheza. Siku zote ncha ya pili huwa anaifunga kamba na jiwe, na kamba ilikuwa pale pale imening'inia. Aliitazama kwa muda. Halafu akaiacha.

"Mama watoto!" akaita. Tangu ahamie kule hakuwa amemwita mtu kumsaidia kitu chochote. "Njoo unishikie huku!"

Mke akaja na viatu vyake vya safari, akashika.

"Kaza."

"Nimekaza. Anayeyumba ni wewe."

"Mimi siyumbi."

"Na huo mstari umeupinda."

"Haujapinda hata kidogo."

"Loo! Wewe mwanamume una macho ya kuangalia nini? Njoo usimame hapa nilipo mimi uone!"

Mbali, upande wa dukani, honi ikalia. Basi hupiga honi likiwa linaondoka. Wote wawili waliisikia. Fundi akaganda na msumeno mkononi, hakuthubutu kuinua uso.

"Sasa unakata," mkewe akasema, "au nishike hivi mpaka Ijumaa ijayo?"

Fundi akakata. Mstari ulikuwa umepinda kweli, na mkewe akamsema mpaka jua likafika utosini. Tangu ahamie kule hakuwahi kufurahi kiasi kile.