Baba Mkubwa wa Mjini

Kuna watu ambao wivu wao huonekana machoni. Wa fundi makochi wetu ulisikika kwenye nyundo. Siku roho yake ikiwa nyeupe, misumari iliingia kwenye mbao kwa upole, toka, toka, kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe. Siku amekasirika, karakana nzima ilijua. Na wiki zile za kungoja likizo ya watoto, jamani, karakana haikupata amani hata kidogo.

"Fundi," seremala wa chumba cha pili alimpigia kelele kupitia ukuta wa mabati, "hilo kochi limekukosea nini?"

"Fanya kazi yako!"

"Nifanyeje na kuta zinacheza?"

Fundi alichukua sponji, akaikata upogo, akaitupa, akachukua nyingine. Mtu mwenye kazi yake miaka yote hiyo, anakata sponji upogo! Ndiyo ujue hali ilikuwa mbaya.

Jambo lenyewe lilikuwa safari. Na lililomchoma zaidi ni kwamba safari ilikuwa wazo lake yeye. Alitaka kuwapeleka pacha wake, wa kike na wa kiume, wenye miaka mitano, kwenye mji aliojifunzia ufundi. Si mji mkubwa wa kutisha. Una stendi moja, bustani yenye bembea na bwawa la bata, na jengo moja lenye ngazi za umeme ambazo watu wazima na heshima zao huzipanda mara ya pili kwa siri. Lakini kwa watoto ambao hawajavuka soko la mtaani kwao, huko ni mwisho wa dunia. Fundi aliipanga safari kichwani huku anashona, ikawa tamu kuliko safari yenyewe. Wangepanda basi la asubuhi, pacha wakae dirishani, yeye awaonyeshe madaraja. Wangelala gesti ya jirani na stendi, ambayo viti vyake vya mapokezi alivipigilia kitambaa yeye mwenyewe alipokuwa mwanagenzi. Hata maneno alikuwa ameyaandaa. "Mnaona hapa? Hapa ndipo baba yenu alipoanzia." Basi. Hakutaka kingine. Alitaka watoto wake wamwone ni mtu.

Kisha mkewe, Mama Pacha, akamwambia shemeji yake.

Huyo shemeji ndiye mdogo wake Fundi, mwenye duka la dawa kule kule mjini. Hajaoa, hana mtoto, ana gari, na ana urefu wa kuinamia milango. Fundi kwa upande wake ni mtu mfupi. Tena mfupi wa kushuhudiwa. Katika nyumba nyingi mdogo hurithi nguo za mkubwa. Kwao, mvulana yule alivyoanza kurefuka, mambo yaligeuka. Mkubwa akawa anarithi suruali za mdogo, na bado anazikunja miguu. Mama yao aliliona ni jambo la kucheka. Fundi hakuwahi kulicheka, si wakati ule wala leo.

"Shemeji anasema basi la nini," Mama Pacha alimletea habari huku anamenya vitunguu, uso unang'aa. "Atakuja kutuchukua na gari. Na gesti ya nini, nyumba yake ina vyumba vitupu. Na bustani atatupeleka yeye, kuna ile mpya, ina maji ya watoto kuogelea."

"Ile ya bata je?"

"Bata! Baba Pacha, bata wapo hata hapa kwa jirani."

Fundi alijaribu kusema watoto watafurahia basi zaidi. Mkewe akamkumbusha kwamba wa kiume hutapika kwenye chochote chenye magurudumu, na kwenye gari la mtu wako unasimama unapotaka, unamfuta, unaendelea. Alikuwa sahihi. Hakuna kitu kinachoudhi kama mke aliye sahihi wakati wewe umeshaudhika.

Jioni mdogo mtu akapiga simu ya video. Pacha walimrukia mama yao, nusura simu iingie kwenye sufuria.

"Baba mkubwa! Baba mkubwa!"

Fundi aligeuka. "Nani baba mkubwa? Huyo ni baba yenu mdogo."

"Si mdogo," alisema wa kike bila kuondoa macho kwenye simu. "Ni mkubwa. Kichwa chake kinagusa taa."

"Na gari lake kubwa," akaongeza wa kiume. Kisha akamtazama baba yake juu hadi chini, na si mbali sana huko, akapiga hesabu zake. "Wewe ndiye baba mdogo."

Mama Pacha alicheka mpaka akatafuta kiti. Kule kwenye simu nako kicheko kilipasuka, kirefu kama mwenyewe. Fundi akachuchumaa mbele ya watoto, akajitahidi sauti iwe ya mwalimu. "Sikilizeni. Mimi ni kaka yake. Yeye anaitwa baba mdogo kwa sababu nilizaliwa mimi kwanza, yeye akafuata nyuma."

Binti alilifikiria jambo hilo kwa haki kabisa.

"Kwa hiyo alikuwa nyuma," akasema, "halafu akakupita."

Ee Mungu wangu. Mtoto hana nia mbaya, lakini akikupiga hukupiga palepale. Fundi alitoka nje kuangalia kama tangi la maji lina maji. Lilikuwa na maji. Akakaa nalo hapo. Alimwonea wivu mdogo wake gari, akamwonea nyumba, akamwonea hata miguu. Lakini hayo alikuwa ameyazoea, ameishi nayo kama mtu anavyoishi na jino bovu. Jipya lilikuwa hili la watoto. Vingine vyote achukue, aliwaza. Hawa aniachie.

Kesho yake seremala alimkuta amekaa juu ya fremu ya kochi, kazi hafanyi. Akamtoa maneno, maana seremala yule angeweza kumtoa maneno hata kobe. Alipoyasikia yote alikuna kidevu.

"Mwambie mdogo wako pacha wanaumwa. Mwambie surua. Mtu wa mjini akisikia surua gari halitoki."

"Halafu?"

"Halafu wanapona, ninyi mnajipandia basi lenu, yeye anasikia mmefika. Utasema mlitaka kumshtukiza."

Wote wawili walikuwa watu wazima, wenye akili timamu. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza ni nani huyo anayeenda kudanganywa kwa ugonjwa. Fundi alimpigia mdogo wake palepale, akakohoa kidogo kana kwamba anayeumwa ni yeye, akasema pacha wana surua, wote wawili, homa kali, safari ivunjwe. Kisha simu ikakatika. Mtandao, Fundi alijisemea, na nyundo yake siku hiyo ikapiga toka, toka, kwa upole, mpaka seremala akaimba.

Jua lilikuwa bado kali gari liliposimama nje ya nyumba. Fundi ndiyo kwanza alikuwa amerudi kula. Pacha walikuwa uani wanarushiana maji, vifua wazi, wazima kama punda milia. Mdogo wake aliingia bila hodi, shati limemganda mgongoni, begi la dawa mkononi. Alivua viatu kwa kuvipiga teke, kimoja huku, kingine kule, kama mtu anayeingia nyumba ya msiba. Kisha akawaona.

"Baba mkubwa!" Wakamvaa miguuni, wamelowa chapachapa.

Akapiga magoti. Akawashika vipaji vya nyuso, mmoja baada ya mwingine. Akawafunua macho, akawatazama ndani ya midomo, akawageuza migongo. Hakuwa na haraka. Mama Pacha alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Shemeji! Mbona hukusema unakuja leo?"

"Surua iko wapi?" aliuliza.

"Surua gani?"

Hapo ndipo macho yote yalipomgeukia Fundi, aliyekuwa mlangoni na tonge halijateremka.

Mama Pacha hakuhitaji kuelezwa. Aliweka mwiko chini taratibu, na mwanamke akiweka kitu chini taratibu namna ile, omba Mungu. "Baba Pacha," alisema. "Umewatakia watoto wako surua?"

"Nimeendesha kutoka kule bila kusimama," mdogo mtu alisema, bado yupo magotini. Sauti ilikuwa inamtetemeka, naye hakuificha. "Surua ninaijua, kaka. Watoto wanaoletwa dukani kwangu wamechelewa ninawaona. Nilikuwa nawaza nitakuta amebaki mmoja."

Wa kiume, ambaye alikuwa amesikiliza yote mdomo wazi, alijigusa paji la uso, akamgusa na dada yake. Akaanza kuogopa.

"Baba," aliuliza, "kwani sisi tunaumwa?"

Na tazama hapa. Mwenye duka la dawa alikuwa mbele yao, na begi lake, ameshawapima mpaka ulimi. Hawakumuuliza yeye. Wote wawili walimtazama Fundi na walisubiri neno lake. Angesema ndiyo, wangeingia ndani walale na wangeumwa kweli. Fundi aliliona hilo, na aibu ikamshuka kichwani mpaka nyayoni. Alichokuwa anakililia, watoto wake wamwone ni mtu, alikuwa nacho siku zote, naye kazi aliyokipa ni hii ya uongo.

"Hapana, wanangu. Ninyi wazima. Baba alisema uongo."

"Kwa nini?"

Mama Pacha naye alingoja jibu. Fundi alifuta mikono kwenye suruali.

"Nilimwonea wivu baba yenu mdogo."

Hakuna aliyecheka safari hii. Mama Pacha aliwashika watoto mikono akawapeleka ndani kuwavalisha nguo. Alimpita mumewe bila kumgusa. Ndugu wawili wakabaki uani. Mdogo aliketi kwenye ngazi ya mlango, magoti juu, na kwa vile ameketi na mwenzake amesimama, walikuwa sawa kwa kimo.

"Wewe ulitaka safari gani, kaka? Niambie tu."

Fundi akamwambia. Mwanzo kwa kusitasita, kisha ikamtoka yote, maana alikuwa ameibeba siku nyingi na hakuwa amemwambia mtu. Akamwambia basi la asubuhi na dirisha na madaraja. Akamwambia gesti na vile viti vya mapokezi. Akamwambia bata. Mdogo wake alisikiliza mpaka mwisho, akiitikia kwa kichwa, hata akatabasamu kidogo pale kwenye bata.

"Safari nzuri," alisema. "Na mimi ningekuwa wapi?"

Katika safari ile yote, kwenye mji ule ule ambao ndugu yake wa tumbo moja anaishi, Fundi hakuwa amempangia hata saa moja, hata kikombe cha chai. Alikuwa amempanga asiwepo.

"Ungekuwa stendi," alisema. "Ungekuja kutupokea."

Ulikuwa uongo mwingine, wote wawili walijua. Mdogo wake akaangalia chini.

"Sawa, kaka," alisema. "Nitakuja kuwapokea." Akainuka, akaanza kutafuta viatu vyake.