Mlima wa Newala kwa Pikipiki ya Umeme

Kijiweni Masasi, bodaboda wenzangu waliiita pikipiki yangu ya umeme pasi. "Oya mwenye pasi, leo umenyoosha mashati mangapi?" Nilicheka nao. Petroli ilikuwa inanishinda, na nyumbani nina wadogo watatu. Mimi niliishia kidato cha pili, mwaka ambao mama alimfuata baba kaburini. Niliapa kwamba wao watasoma.

Siku ile nilimpakia mdogo wangu wa kike, begi na godoro lake, nimpeleke Newala kuanza kidato cha tano. Ilikuwa siku ya mwisho ya kuripoti. Barua ya shule ilitaka mlezi asaini mwenyewe kabla ya saa tisa alasiri. Atakayechelewa, nafasi yake atapewa mwingine. Asubuhi umeme ulikatika. Uliporudi nilichaji nilichowahi, tukaondoka.

Baada ya Chiungutwa barabara inapanda na kushuka. Sisi bodaboda wa huku, tukifika mteremkoni tunazima injini na kuserereka bure ili mafuta yabaki. Mkono wangu umezoea hivyo miaka minane. Kila mteremko nilizima swichi, nikajiona mjanja. Tulipoanza kuupanda mlima wa Newala, pikipiki ikalegea, ikasimama.

"Kaka, imeharibika?"

"Imeisha chaji."

Hapo ndipo nilipokumbuka maneno ya aliyeniuzia: ukishuka usizime, mteremko wenyewe unarudisha chaji kidogo. Njia nzima nilikuwa nikiutupa umeme wangu.

Palikuwa na nyumba yenye waya wa umeme. Nikapiga hodi.

"Shikamoo, mama. Naomba kuchaji kidogo."

"Marahaba, mwanangu. Simu?"

Nikamwonyesha pikipiki. Alicheka mpaka akashika mlango. "Hiyo si itamaliza uniti zangu zote? Halafu umeme wenyewe umekatika tena, baba."

Tukaanza kusukuma. Saa nane ilishapita mtani wangu wa kijiweni alipotukuta, anapanda bila abiria.

"Pasi imepoa!" akapiga kelele. Kisha akaliona godoro, akapunguza mwendo. "Mnaripoti leo?"

"Leo ndiyo mwisho."

"Dada, panda huku kwangu. Wewe panda pasi yako, shika usukani vizuri."

Akaweka mguu kwenye kikanyagio changu cha nyuma, akanisukuma kwa pikipiki yake. Palipokuwa pakali nilishuka nikasukuma kwa mabega. Palipolainika akarudisha mguu.

"Kiuze hicho chuma, mtani," alisema huku akihema kana kwamba ni yeye anayesukuma kwa mabega.

"Siuzi. Kosa ni langu, si lake."

"Basi angalau jifunze kuiendesha!"

Mdogo wangu hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye saa ya simu.

Tulifika shuleni saa tisa ikigonga, mwalimu akiwa ameshafunga daftari, funguo mkononi. Alitazama jasho langu, akatazama godoro, akalifungua tena daftari.

"Mzazi yuko wapi?"

"Mlezi ni mimi, mwalimu."

"Saini hapa."

Kiganja kilikuwa kimelowa jasho la kusukuma, kalamu ikateleza.

"Taratibu," alisema. "Karatasi hii tunaitunza."

Nikavuta pumzi, nikaliandika jina langu lote, herufi moja baada ya nyingine. Mdogo wangu alikuwa ameshalibeba godoro lake kichwani, anaulizia bweni.