Skafu Iliyofumuliwa Slonim

Saa moja asubuhi, katika nyumba ya kutunzia wazee huko Columbia Heights, Marekani, Yanina Hurskaya anakoroga uji wa mzee Alvin mpaka upoe, ndipo anamlisha.

"Leo umechelewa," mzee anamwambia.

"Dakika mbili tu, babu."

"Kwa umri wangu, mbili ni nyingi."

Yanina anacheka. Hacheki mara nyingi.

Kwao Belarus, mama huyu wa miaka 46 alikuwa mwalimu. Mwaka 2020, baada ya uchaguzi, aliingia barabarani na bendera ya wapinzani, nyeupe yenye mstari mwekundu katikati. Alifungwa siku kumi na tano. Alipotoka alisimulia hadharani mateso ya wanawake aliowaacha ndani, kisha akakimbia. Mahakama ikamhukumu miaka minane bila yeye kuwapo.

"Mimi nilisema, nikaondoka," anasema. "Mama yangu amebaki mjini kwetu, Slonim, hana wa kumpasulia kuni."

Pasipoti yake imekwisha muda, na ubalozini hawampi nyingine. Ili apate nyingine lazima arudi nyumbani, yaani aende jela.

Desemba iliyopita, mfanyakazi mwenzake Bernardine, mkimbizi kutoka Uvira, Kongo, aliona kwenye simu ya Yanina picha yake na bendera ile. Alifuma skafu nyeupe, mstari mwekundu katikati, akaomba anwani ya mama yake Yanina kwa kisingizio cha kadi ya Noeli, akaituma.

"Kwetu, binti akiwa mbali, wenzake ndio wanaomvika mama yake," anasema Bernardine.

Alipomweleza Yanina kwa furaha, Yanina alikaa sakafuni. Kwao watu wamekamatwa kwa rangi hizo, hata kwenye soksi.

"Bernardine, umemtumia mama yangu kesi!"

"Yesu wangu! Skafu tu, dada?"

Yanina hakuthubutu kupiga simu kumwonya mama. Simu zina masikio. Bernardine alifunga na kuomba. Kwa wiki tatu walikunja mashuka pamoja bila neno, ila kila mchana Bernardine alimwachia nusu ya chakula chake.

Wiki ya nne, mama akapiga simu ya video. Kichwani alivaa kofia nyeupe. Akainua mguu: soksi nyekundu. Alikuwa ameifumua skafu yote, akafuma upya kila rangi peke yake.

"Mwambie aliyenipa sufu," alisema bibi huyo, "hata uzi mmoja haukupotea."

Bernardine alilia. Yanina hakulia.

"Ana miaka themanini na moja," anasema. "Amekaa peke yake, pazia limefungwa, anafumua zawadi kama mwizi."

Anachotaka ni kufika Slonim mama angali hai, azifumue soksi na kofia, airudishe skafu ilivyokuwa, amvike mama na kutembea naye mpaka sokoni mchana kweupe.

"Tatizo sijui kufuma," anasema.

Bernardine, anayepita na mashuka, anachomoa mfukoni sindano mbili za kufumia na donge la sufu, anamwekea mapajani.

"Anza na nyeupe, dada. Nyekundu itakuja."