Nilivyomgeuza Longor Kichekesho

Laiti ningemkatalia yule mhariri wa Lodwar niliyempelekea hadithi yangu ya fahali. Aliniambia, "Mzee, fahali mwenye busara hachekeshi watoto. Mfanye mjinga." Nilitamani mno kuona jina langu kwenye jalada, nikakubali. Jina la fahali, Longor, nikaliacha vilevile.

Longor hakuwa wa kubuni. Alikuwa fahali wa rafiki yangu wa utotoni, na kwetu Waturkana mwanamume huitwa kwa fahali ampendaye. Ndiyo maana rafiki yangu huitwa Apalongor, yaani mwenye Longor. Kabla hadithi haijabadilishwa, nilikuwa nimejigamba kwake: "Longor wako yumo kitabuni!"

Siku ya kuwasomea watoto Kakuma, nikamkuta ameketi mbele kabisa. Alikuwa ametoka Lopur, amevaa kofia yake ya manyoya ya mbuni. Laiti ningefunga kitabu. Badala yake nikasoma, tena kwa mbwembwe, jinsi Longor alivyokikimbia kivuli chake akatumbukia kisimani. Watoto wakavunjika mbavu. Mjukuu wake akapaza sauti, "Babu! Kwani huyo mjinga si Longor wako?"

Watoto wakamgeukia, wakazidi kucheka. Nami, mzee mzima, nilikuwa bado natabasamu.

Apalongor akasimama polepole. "Mahari yako ilipopungua, nilimtoa Longor ukaoa," akaniambia. "Leo umewapa watoto wamcheke."

Tangu siku hiyo nikimwamkia "ejok", haitikii. Nimepata kitabu kimoja, nimempoteza rafiki niliyekua naye.