Mimi Sitoweki, Naenda Kula Ming'oko

Shemeji yangu, aliyemwoa mdogo wangu, ni mwalimu wa Kiswahili kule Masasi, na ana ugonjwa mmoja: anatunga hadithi za mambo yajayo. Mikorosho inayotembea, bodaboda zinazopaa, ilimradi vurugu. Mimi ni fundi cherehani tu hapa Newala, lakini hadithi zake huwa nazisikiliza, maana kushona kutwa nzima bila porojo ni adhabu.

Jumamosi moja akapanda huku na hadithi mpya kwenye simu.

"Shikamoo shemeji. Hii nimekuandikia wewe."

"Marahaba. Kwani nimekukosea nini?"

Akasoma. Katika hadithi yake, chini ya Shimo la Mungu, pale uwanda wetu unapokatika ghafla, wanaishi Watu wa Mwanga. Ni weupe pe, na umeme ukikatika wao ndio wanaoumulika mji. Tena hawafi. Siku yao ikifika, hutoweka.

Niseme mapema: nina ualbino. Kofia pana, mikono mirefu, mwavuli hata nikienda duka la jirani.

"Wanakula nini hao?" nikamuuliza.

"Hawali, shemeji."

"Basi si mimi."

"Ni sitiari. Sitiari ya matumaini."

"Jana umeme umekatika nimetafuta kibiriti kwa kupapasa, nikajigonga ugoko. Huo mwanga wako ungenifaa sana."

Akacheka, nami nikacheka. Lakini lile neno, hutoweka, lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nimelisikia tangu utoto: hawa hawafi, hutoweka. Dada yetu mkubwa alikuwa na ngozi kama yangu. Jua lilimla, akapata kidonda cha shingo kisichopona, akafa, tukamzika kijijini Mnyambe. Niliporudi kwenye cherehani yangu sokoni hakuna aliyenipa pole. Waliniuliza alitowekea wapi. Jamani! Iliniuma, na inaniuma mpaka leo. Tena jambo lenyewe si maneno tu. Mtu akishaamini kwamba sifi, siku akinishikia panga mkono hautamtetemeka.

Nikamwambia aufute mstari ule. Akakataa katakata.

"Shemeji, nikiutoa huo, hadithi inakufa."

"Alaa! Kumbe hadithi inakufa, ila mimi ndiye sifi?"

Akasema nina hasira za karibu. Hilo sibishi. Wiki iliyofuata angeisoma shuleni kwake, mbele ya wanafunzi na wazazi, kisha iingie kwenye kitabu cha hadithi cha shule. Kitabu, yaani watoto waikariri! Nikamwambia vizuri, nitakuja, niwekee kiti cha mbele. Alifurahi, maskini. Hakujua anamkaribisha nani.

Siku hiyo nikashuka Masasi, nikakaa mbele kabisa karibu na mlango wa pembeni. Shemeji anajua kusoma, simnyimi haki yake. Ukumbi ulitulia tuli. Alipofika kwenye mstari wake akapunguza sauti, "Fumbeni macho, muwaone Watu wa Mwanga wakitoweka."

Watu wakafumba. Mimi nikavua kofia nikaiacha kitini, nikashika viatu mkononi, mwavuli kwapani, nikatoka kwa kunyata. Nje alikuwepo binti anauza ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, imechemshwa vizuri, na chumvi na pilipili pembeni. Nikaagiza sahani, nikafungua mwavuli, nikala.

Hata sahani sijaifikisha nusu nikasikia, "Ametoweka! Mama wa watu ametoweka!" Viti vinaanguka, wanafunzi wanapiga mayowe. Na juu ya sauti zote ikapanda ya mzazi mmoja, mama mtu mzima kabisa: "Si niliwaambia mimi? Hawa hawafi hawa!"

Nikaingia na sahani yangu.

"Nipo. Njaa ilinibana. Mwalimu, wale wako hawali, mimi nakula."

Ukumbi ukaangua kicheko, wengine mpaka wakashika mbavu. Shemeji peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama yule mama aliyesema hatufi. Mama wa watu alikuwa ameiokota kofia yangu, ameishika kwa vidole viwili kana kwamba inaunguza. Kwake yeye haikuwa sitiari hata kidogo. Ilikuwa taarifa ya habari, imesomwa na mwalimu.

Shemeji akainama kwenye simu, akaufuta mstari wake palepale. Na hadithi haikufa. Nimeisoma juzi, i hai kabisa. Siku hizi Watu wa Mwanga wana misiba, na wakitoka kuzika wanagombania ukoko.

Baada ya shughuli yule mama akanifuata nje kunirudishia kofia. Akatazama huku na huku, akanisogelea sikioni.

"Samahani mwenzangu. Kwani nyie mnakufaga?"

Jibu la kejeli lilikuwa limeshafika ulimini, tena tamu. Nikamtazama usoni, nikaona hana ubaya, anauliza kwa sababu hajui. Nikalimeza.

"Tunakufa, mama. Dada yangu alikuwa kama mimi, na amekufa. Kaburi lake lipo Mnyambe."

Akaweka mkono kifuani.

"Ooh! Poleni sana na msiba."

Miaka yote ile, nje ya ukoo wetu, hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

"Tumeshapoa," nikamjibu kama inavyotakiwa, huku nalia kama nimefiwa asubuhi ile.