Taa Iliyowaka Jumatatu

Yule fundi Mrundi nilimchukia tangu siku aliyoingia gerejini kwetu, na msidhani uzee umenifanya nianze kumpenda. Ilikuwa miaka ile wakimbizi wanashushwa bandarini Kigoma kila wiki, nami nilikuwa dereva wa shirika moja lililowahudumia. Wenzake walikaa kambini. Yeye alipewa kibali cha kufanya kazi mjini kwa sababu alijua umeme wa magari. Kibali hicho kilitaka barua ya ofisi yetu kila baada ya miezi mitatu, na barua ikikosekana, anarudi kambini kukaa bure. Hilo alilijua, na mimi nililijua. Hata hivyo alitembea gerejini kama mwenye mali, na kila sentensi ya tatu ilikuwa "kwetu Bujumbura".

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwangu alikuja mgeni, mwenyeji nikaugua.

Asubuhi alinisalimia "Bwakeye", akijua mimi ni Muha na Kirundi nakielewa kama ninavyoelewa maneno ya bibi yangu. Nilimjibu "Salama" kwa Kiswahili kikavu, kana kwamba sikusikia lugha. Niliona raha kufanya hivyo, siwezi kukana.

Ugomvi wetu ulianza na taa. Gari nililoendesha lilikuwa jeupe, refu, la kupanda milima, na nilililinda kuliko nyumba yangu ya kupanga pale Kasingirima. Ukifungua swichi, taa zote za dashibodi huwaka mara moja kisha huzima. Hiyo ni kawaida ya magari ya siku hizi. Jumatatu moja taa ya injini haikuzima. Gari likawa zito, halipandi mlima. Nikalipeleka gereji, likalala pale, Jumatano nikaliwasha: taa hakuna, nguvu imerudi. Jumatatu iliyofuata taa ikawaka tena.

Fundi mkuu wetu alikuwa na mashine ya kupima, ile unayochomeka chini ya usukani ikakutolea namba ya ugonjwa. Mara ya kwanza ilitoa namba ya sensa ya hewa. Akabadilisha sensa. Mara ya pili ikatoa namba ya pedeli ya mafuta. Akabadilisha pedeli. Mara ya tatu ikatoa namba mbili kwa pamoja, na ya sensa ya hewa ikiwemo, wakati sensa ilikuwa mpya. Mrundi alisimama pembeni akifuta mikono, akacheka. Alicheka mbele ya fundi mkuu, mtu mzima mwenye wajukuu!

"Mashine inasema mahali panapolia," alisema. "Haisemi nani amepiga. Namba zikibadilika kila siku, sensa ni nzima zote. Ugonjwa uko kwenye nyaya. Na taa ya kuwaka na kuzima haipimwi na mashine, inapimwa na mdomo wa shoferi."

Akanipa daftari dogo. Nikitoka popote niandike: nimepita wapi, nimebeba nini, mvua imenyesha au la, taa imewaka saa ngapi. Nililipokea kwa ncha za vidole.

Sasa nieleze jambo la samaki. Mama mkwe wangu aliishi Mwandiga, na mkono mtupu haulambwi, hasa mkono wa mkwe. Kila Ijumaa jioni, nikirudisha gari, nilipitia Katonga, nikachukua migebuka wabichi wanaotoka mtumbwini, nikampelekea mkwe kisha nikageuza. Gari la shirika kubeba samaki wa mtu binafsi lilikuwa kosa la kufukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Kwa hiyo sikuwaweka nyuma ambako mlinzi wa geti angewaona. Niliwaweka ndani ya kiroba, kiroba ndani ya beseni, beseni miguuni pa kiti cha mbele cha kushoto, juu yake koti langu. Matuta ya Mwandiga yalilimwaga beseni kila safari. Jumamosi, kabla bosi hajanusa, nilisugua zulia kwa maji, sabuni na ndimu. Ndimu nyingi. Nilijiona mjanja kweli kweli.

Katika daftari la Mrundi niliandika: Ijumaa, ofisini hadi gereji, hakuna mzigo. Jumamosi, gari limelala. Alisoma mbele yangu, polepole, kidole juu ya mstari.

"Hakuna maji yaliingia ndani ya gari?"

"Hakuna."

"Hata kuosha?"

"Naosha bodi tu. Wewe unapima injini au unanipima mimi?"

"Nataka kufunua zulia la mbele."

"Chini ya zulia hakuna injini," nikamwambia. "Ndani ya gari ni kwa dereva. Wewe kazi yako iko chini ya boneti."

Akainamia boneti. Wiki mbili alifuata waya mmoja mmoja huko mbele, akifunga na kufungua, akiamini daftari langu. Nilikuwa nakaa kwenye benchi namwangalia akitoka jasho, na nasema kweli, nilifurahi. Sikujua kwamba samaki ndio ugonjwa. Nilijua tu kwamba nimemdanganya, na kwamba anapoteza muda, na kwamba kicheko chake kimekwisha.

Kisha Jumatatu moja gari lilikufa mlimani, wageni wa shirika wakiwa ndani. Bosi wetu, mama mmoja mkali aliyehamishwa kutoka Arusha, alituita wote watatu ofisini: fundi mkuu, Mrundi na mimi. Aliweka kalamu mezani akauliza swali moja. Gari hili linaharibiwa na nani?

Nilihisi harufu ya migebuka mikononi mwangu, ingawa nilikuwa nimeoga mara mbili. Ikijulikana, nimekwisha. Hakuna aliyenisukuma wala kunitisha. Nilisema:

"Mama, mimi si fundi. Ila huyu akifunga hapa leo, kesho panaharibika pale. Na kibali chake kinaisha mwezi huu. Gari likipona, nani atamwandikia barua?"

Fundi mkuu alitazama viatu vyake. Alikuwa hajasahau kile kicheko. Mrundi akanigeukia, akasema kwa Kirundi, taratibu, kwamba ninajua ninachokisema si kweli. Bosi akaniuliza, amesema nini? Nikajibu sielewi Kirundi.

Barua haikuandikwa. Jumatatu iliyofuata niliamriwa nimrudishe kambini, mimi mwenyewe, kwa gari lile lile.

Alikuja na begi moja, akakaa mbele kushoto, miguu juu ya zulia ambalo Jumamosi nilikuwa nimelisugua kama kawaida. Hakunisalimia. Tulipita Mwandiga. Mbele kidogo, kwenye mwinuko wa kwanza, taa ikawaka, injini ikalegea. Nikasimamisha pembeni. Nilitukana, sikumbuki nilimtukana nani.

Hakuniomba ruhusa. Alishuka, akapiga magoti barabarani, akang'oa zulia la mbele kwa mikono miwili. Harufu ikatoka kabla ya kitu chochote. Chini yake kulikuwa na soketi kubwa ambayo nyaya zote za injini hupitia kwenda kwenye kontroli boksi, ule ubongo wa gari. Aliichomoa. Pini zake zilikuwa zimeota kutu ya kijani, na maji bado yalikuwamo. Akatumbukiza kidole ndani, akatoa gamba la samaki. Akatumbukiza tena, akatoa mbegu ya ndimu. Akaviweka vyote viwili juu ya dashibodi, mbele yangu, kimoja kando ya kingine.

Kisha akafungua begi lake, akatoa mswaki wake wa meno, akaanza kusugua pini. Akazikausha kwa shati. Akanyoosha moja iliyopinda kwa ukucha. Nilisimama pale nikitazama mgongo wake, na hasira iliyonipanda ilikuwa juu yake yeye! Kwa nini anatengeneza? Angeliacha gari life, tungelingana. Mficha maradhi kifo humwumbua, na mimi niliona afadhali niumbuliwe na kifo kuliko na mswaki wa yule mtu.

"Kwa nini unatengeneza?" nikamuuliza.

"Gari haijakosa kitu," alisema bila kugeuka.

Alipomaliza alirudisha soketi, akaifunga juu na waya mbali na sakafu, akaniambia niwashe. Taa zote zikawaka mara moja, zikazima. Injini ikanguruma kama siku ilipotoka melini. Alipanda, akafunga mlango. Mwandiga bado ilionekana nyuma yetu. Nusu saa, tungekuwa mbele ya meza ya bosi.

"Turudi," alisema. "Utamwonyesha hivi viwili. Hutakiwi kusema kitu. Weka tu mezani."

Nilitazama gamba na mbegu. Nilifikiria kodi, mke wangu, mama yake. Nilifikiria pia jinsi atakavyosimama gerejini Jumanne asubuhi na kucheka.

"Nina amri ya kukufikisha," nikasema.

Hakubembeleza. Aliangalia nje hadi kambini. Kwenye geti alichukua begi, akanitazama kwa mara ya kwanza siku ile, akasema, "Mwirirwe." Ndivyo wanavyomuaga mtu mchana, kwa adabu. Nilielewa kila silabi. Nikaondoa gari.

Njiani nilitupa gamba na mbegu dirishani. Samaki sikubeba tena. Mkwe alilalamika hadi mke wangu akaanza kuninunia, nami sikuwa na maelezo ya kumpa. Taa ya injini haikuwaka tena. Jumatatu ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, mwezi ukaisha. Bosi akaniita ofisini, akanikaribisha kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Unaona?" akasema. "Tangu yule mtu aondoke, gari limepona. Ulisema kweli."

"Ndiyo, mama," nikajibu.

Mpaka leo ni dereva, wa gari la mtu mwingine. Kila asubuhi nikifungua swichi taa zote zinawaka, kisha zinazima, na ile ya injini ndiyo ya mwisho. Huwa naingoja izime ndipo nawasha.