Mama Niliyemzika kwenye Fomu

Fomu ilikuwa nene, na mimi nilikuwa na haraka ya kuajiriwa. Kampuni ilikuwa inaunda mitambo ya ardhini ya kutungua makombora ya adui: rada, malori ya kurushia, na makombora yetu yenyewe yakiwa yamefungiwa ndani ya makasha. Huingii pale mpaka serikali ikupekue. Baba nani, mama nani, wako hai, wanaishi wapi, una ndugu gani nje ya Uingereza. Mpunjabi mmoja wa Southall, hapa London, mzaliwa wa Nairobi, aliyekuwa ameajiriwa kabla yangu, alinishauri kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha wengi wetu. "Bwana, majina machache. Ukianza kumwaga ukoo mzima hapo utazeeka ukingoja."

Mama aliyenizaa alifariki sijaanza hata kutembea. Aliyenilea ni dada yake mkubwa, pale Tanga, na sikuwahi kumwita jina jingine ila Mama. Ndiye aliyeniogesha, ndiye aliyenichapa, ndiye aliyeuza cherehani yake ili niende chuo. Kwenye nafasi ya mama nikaandika jina la marehemu, na mbele yake: amefariki. Kwenye ndugu wa karibu walioko nje nikapiga mstari. Tena nilijiona mjanja, mjinga mimi.

Kazi yangu ni matunzo. Watu wakisikia makombora wanafikiria moto na mngurumo, kumbe mimi maisha yangu ni mipira ya kuzibia. Kombora hukaa ndani ya kasha miaka na miaka, na adui wake wa kwanza ni unyevu. Kila kasha lina kidirisha chenye alama ya buluu. Ikigeuka waridi, ujue unyevu umeingia. Nakaa ofisini London, nasoma taarifa kutoka kambini, naandika kipi kifunguliwe, kipi kibadilishwe, kipi kiangaliwe tena mwezi ujao. Mitambo yetu haijawahi kutungua kitu zaidi ya shabaha za majaribio. Lakini inatunzwa, wallahi, kama mwari.

Mama nilimwambia tu kwamba naangalia vitu visiingie unyevu. Basi akawatangazia majirani kuwa mwanawe anatengeneza mafriji ya jeshi. "Na langu linavuja," alikuwa akiniambia kila nikimpigia. "Au mpaka nivae gwanda ndiyo utanihudumia?" Nikimcheka, naye anacheka.

Halafu dada, binti yake, akanipigia. "Mama kaanguka bafuni. Upande mmoja hauna nguvu. Anakuulizia wewe tu."

"Nakuja."

"Njoo leo. Usianze kuniambia kesho."

Wiki zile tulikuwa tunajiandaa kukabidhi mtambo mpya, na likizo zote zilikuwa zimefungwa, isipokuwa kwa ugonjwa au msiba wa mzazi, mke au mtoto. Na safari yoyote ya nje lazima uiandikie ofisi ya usalama: unakwenda wapi, kwa nani, kwa sababu gani. Bosi wangu ni mwanamke mwenye roho nzuri, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Angekuwa shetani ningepata wa kumlaumu. Alinivutia kiti, akaniuliza, "Ni nani anaumwa?"

Neno moja tu lilitakiwa. Lakini nikisema mama, wataniuliza mama yupi, maana wa kwenye karatasi alishakufa miaka mingi. Nikaona kibali cha usalama kinakwenda, kazi inakwenda, nyumba ya Ilford inakwenda.

Nikasema, kwa Kiingereza chao kisichojua mama mkubwa, "Shangazi."

"Pole sana," akasema. "Ni wiki mbili tu. Tukishakabidhi, uende."

Hakunilazimisha mtu. Hilo nalisema mwenyewe kabla ninyi hamjalisema.

Binti yangu ana miaka kumi na minne, anaelewa Kiswahili chote na kunijibu kwa Kiingereza. Mezani aliniuliza kwa nini nisipande ndege tu nikamwone bibi. Nikamwambia ni mambo ya kazi. Akaondoa sahani yake.

Siku ya sita ikaja taarifa kutoka kambini: alama ya kasha moja imegeuka waridi. Mtume! Wateja wanakuja baada ya siku tatu. Niliingia kwenye chumba chetu cha kazi asubuhi, simu nikaiacha kwenye kabati la mlangoni, kwa sababu mle ndani haziruhusiwi. Nilifukua kumbukumbu mpaka nikakuta mipira ya kuzibia ya fungu lile ilihifadhiwa mahali pa joto, ikakauka. Nikaagiza ibadilishwe kwenye makasha yote. Nilitoka saa tisa mchana nimefurahi, na njaa inaniuma. Simu ilikuwa na miito kumi na moja.

"Tumeshamzika," dada akasema. Hakuwa hata na hasira. "Mpaka mwisho alikuwa anauliza umefika wapi. Nikamwambia uko kwenye ndege. Mungu anisamehe."

Mchuma janga hula na wa kwao. Uongo ulikuwa wangu, dada ndiye aliyelazimika kuumalizia, kitandani kwa mama yake.

Kwa msiba wa shangazi kampuni hutoa siku moja ya mapumziko. Niliporudi nilikuta kadi yenye maua mezani, kila mtu ametia saini, na bosi akanipongeza mbele ya wote kwa lile kasha. Tanga nilifika wakati wa arobaini. Friji lilikuwa bado linavuja. Mpira wa mlango ulikuwa umeoza, kitu cha kubadilisha kwa nusu saa.

Juzi imefika zamu yangu ya kupekuliwa upya. Fomu ni ile ile, siku hizi ya kompyuta. Kwenye nafasi ya mama nikaandika tena: amefariki. Nililia palepale kitini, mtu mzima na ndevu zangu.

Afisa wa usalama aliipitia nikiwa nimekaa mbele yake, akailinganisha na ile ya zamani.

"Kwa hiyo upande wa familia hakuna kilichobadilika?"

Nikamwambia hakuna.